Donati za mochi za sikukuu zimegoma? Anza na dalili uliyonayo

Krismasi na mwaka mpya vikikaribia kila mtu anataka kuweka mezani kitu ambacho majirani hawana, na siku hizi donati za mochi, zile za unga wa mchele wa kunata zinazovutika mdomoni, ndo habari ya mjini. Shida ni kwamba resipi nyingi zinakuambia cha kufanya tu, hazikuambii ukifungua oveni ukakuta vituko uanzie wapi. Kwa hiyo hapa tutaenda kinyumenyume, tunaanza na kilichoharibika afu tunatafuta kilichosababisha.

Kwanza jua umepika za aina gani maana ziko koo mbili. Ziko za oveni, hizi zinafuata keki ya mochi ya Hawaii, kule unga wa mchele wa kunata unachanganywa na siagi, mayai na tui la nazi ukaokwa. Na ziko za kukaanga, ile pete ya vidonge nane vilivyoshikana, hii ilipata umaarufu kupitia Pon de Ring, donati ya maduka ya Mister Donut kule Japani mwaka 2003. Matatizo ya moja siyo ya nyingine, kwa hiyo usichukue ushauri wa kukaanga ukaupeleka kwenye oveni. Mimi kwa nyumbani nashauri za oveni, na sehemu kubwa ya maelezo haya ni ya hizo, za kukaanga nitazigusa baadaye kwa sababu zina hatari yake.

Tuwe na kipimo kimoja cha kuzungumzia ili tusipishane. Unga wa mochi gramu 225, sukari gramu 150 (ukipenda utamu mdogo shuka mpaka 120), beking pauda kijiko cha chai kimoja na nusu, chumvi robo kijiko cha chai, mayai mawili, tui au maziwa mililita 240, siagi iliyoyeyushwa gramu 55, vanila au iliki ya kusaga. Oveni nyuzi 175 hadi 180 za selisiasi, dakika 20 mpaka 25, unapata donati kama 10 au 12 kutegemea bati lako. Rojo lake linamiminika, siyo donge la kusukuma, ukishapika vitumbua ule uzito unaujua, ni huohuo.

Na kitu kimoja ukikishika kitakusaidia kwenye dalili karibu zote: huu unga hauna gluteni, ile protini ya ngano inayovutika, hata chembe. Kwenye ngano gluteni ndo inabeba mzigo, hapa kinachobeba ni wanga uliokunywa maji ukapata moto wa kutosha. Kwa hiyo tatizo likitokea uliza maji, moto na muda, usianze kutafuta mchawi kwenye kukoroga, maana hata ukoroge mpaka mkono uume hazitakuwa ngumu kwa ajili ya hilo.

DALILI: Zimekauka, zinamung'unyika, hazivutiki kabisa

Hapa asilimia kubwa ni unga, jamani. Unga wa mchele wa kawaida, ule wa kupikia mkate wa mchele au uji wa mtoto, siyo unga wa mochi na hautakuwa hata ukiuombea. Mchele wa kawaida una wanga wa aina mbili, amilosi na amilopektini, na amilosi ndo inayofanya wali uchambuke. Mchele wa kunata una amilopektini karibu tupu, na ndo hiyo inavutika mdomoni. Sasa ukiweka unga wa kawaida unapata kikeki cha mchele, siyo kibaya ukila na chai, ila mochi siyo.

Ukienda dukani usiangalie neno mchele ukaridhika. Kwenye maduka ya vyakula vya Kiasia, iwe ya Wachina, Wakorea au Wathai, tafuta pakiti iliyoandikwa ni ya mchele wa kunata. Ile ya Thailand yenye picha ya tembo mwenye vichwa vitatu, ya maandishi ya kijani ndo ya kunata, ya maandishi mekundu ni mchele wa kawaida, na watu wanabeba nyekundu kila siku kwa sababu zinakaa rafu moja zikifanana. Kwa walioko Marekani kuna boksi la unga wa Mochiko, lina gramu 454, ukiligawa nusu ndo kipimo chetu kile pale juu. Ukikuta pakiti ya Kijapani imeandikwa joshinko achana nayo, ule ni mchele wa kawaida. Shiratamako ni wa kunata ila uko kwa punje punje, uloweke kwenye maziwa kwanza mpaka ulainike.

Wengine wananunua mchele wa kunata wenyewe wanasaga kwa blenda. Inawezekana, lakini blenda ya nyumbani inaacha chenga na zile chenga unazisikia kwenye meno hata donati ikiiva. Chekecha kwa chekeche la matundu madogo sana, rudisha zinazobaki, saga tena, na rojo ulilaze friji usiku kucha ili chenga zinywe maji. Hata unga wa dukani ukiupumzisha nusu saa kabla ya kuoka unatoka laini zaidi, beking pauda weka mwishoni ukiwa tayari kuoka.

Afu kuna hii ya muhogo. Resipi nyingi zinasema changanya na wanga wa muhogo, tapioka, mtu anachukua unga wa muhogo wa ugali anatia. Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Wanga ni ule unaotuama chini ukikamua muhogo, mweupe, unateleza na kulia ukiubonyeza, unga wa ugali ni muhogo mzima na nyuzi zake, na ukiwa ni wa makopa au udaga unakuja na harufu yake ambayo ndani ya donati ya vanila ni aibu tupu.

Kama unga ni sahihi na bado ni kavu basi angalia vikombe. Kikombe cha resipi za Kimarekani ni mililita 240, kikombe chako cha chai sijui kina ngapi na we pia hujui. Nunua mizani.

DALILI: Ndani ni mbichi, au naona kama ni mbichi

Hili ndo linasumbua watu kuliko yote kwa sababu donati ya mochi iliyoiva vizuri kabisa ukiikata inaonekana haijaiva kwa macho ya mtu aliyezoea keki. Ndani inang'aa kidogo, inavutika, inashika kisu. Hiyo ni sawa, ndo yenyewe uliyoitafuta. Ubichi wa kweli una alama zake: katikati ni rojo jeupe lisilopitisha mwanga, ukiweka ulimini unasikia unga, na donati ukiibonyeza inabaki na shimo, hairudi.

Kijiti cha meno hapa kinadanganya, kitatoka na mnato hata zikiiva, kwa hiyo watu wanaongeza dakika kumi, wanaongeza tena, mwisho ganda linakuwa gumu na ndani bado kunanata. Tumia vidole, bonyeza juu, ikirudi na kingo zimeanza kuachana na bati, toa. Halafu subiri. Ukiila ya moto inakuwa gundi tu, wanga unahitaji kupoa ndo ushike umbo, ipe dakika 20 hadi 30 kabla hujahukumu. Naelewa harufu inaita ila vumilia.

Wenye themomita kuna jambo la kuangalia. Resipi nyingi za nje zinasema ndani ifike nyuzi 97 au 98. Sasa kama uko Nairobi, ambako ni karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yenyewe yanachemka kwenye 94 hivi, donati yenye unyevu haiwezi kufika huko mpaka ikauke. Arusha na Mbeya nako ni hivyohivyo, kila ukipanda mita 300 unapoteza kama nyuzi moja. Huko juu lenga 92, 93 na utumie vidole kuthibitisha.

Zikiwa mbichi kweli, basi moto ulikuwa mdogo au ulijaza sana. Tundu la bati lijae robo tatu, usifikishe ukingoni. Na tafadhali angalia resipi imeandikwa kwa Farenihaiti au selisiasi, 350 ya Kimarekani ni 175 yetu, kwenye jiko la gesi lenye namba ni namba 4. Ukianza kuoka kabla oveni haijapata moto, zile dakika za mwanzo donati zinakaa zinaloa tu. Washa dakika 15 kabla.

DALILI: Chini zimeungua, juu zimepauka

Hiyo ni oveni ya gesi yenye moto wa chini peke yake, na majumbani kwetu ndo tulizonazo wengi. Weka trei tupu kwenye reli ya chini kabisa, bati la donati liende reli ya katikati au ya juu kidogo, ile trei inakinga moto. Bati jeusi linaunguza haraka kuliko la rangi ya fedha, punguza nyuzi 10. Anayeoka kwa mkaa, sufuria kubwa na mchanga chini na makaa juu ya mfuniko, anaweza vilevile, ila makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, na usifunuefunue.

DALILI: Hazijaumuka, au zimeumuka afu zikatumbukia

Hazijaumuka kabisa: beking pauda imekufa. Mimina kijiko kwenye maji ya moto, isipochemka kwa fujo itupe. Ule mkebe uliofunguliwa Idd ya juzi na umekaa kabati la juu ya jiko kwenye mvuke usiutegemee. Na usidhani hamira itakuokoa, hamira inatoa gesi taratibu na hapa hakuna gluteni ya kuishikilia gesi kwa muda huo wote. Kwenye vitumbua inafanya kazi kwa sababu kitumbua ni kidogo na chuma cha moto kinakishika hapohapo.

Zimepanda zikashuka: umezidisha beking pauda, au ulifungua mlango wa oveni mapema, au rojo lilikuwa jepesi mno. Miinuko inaongeza hili tatizo kwa sababu gesi inatanuka zaidi, kwa hiyo wa Nairobi, Arusha, Mbeya, anzeni na kijiko kimoja badala ya kimoja na nusu. Ukisikia uchungu wa sabuni ulimini ni beking pauda hiyohiyo imezidi.

Kushuka kidogo tu baada ya kutoka ni kawaida, mochi siyo sponji.

DALILI: Zimeganda kwenye bati, zinatoka vipande

Mochi ni gundi, tusidanganyane, kuna nchi watu walitumia wanga wa mchele wa kunata kujengea kuta, China ya zamani waliuchanganya na chokaa. Kwa hiyo paka siagi au mafuta kila kona mpaka kwenye kile kinundu cha katikati, hapo ndo panasahaulika na hapo ndo panararuka. Ukinyunyiza unga juu ya mafuta nyunyiza unga wa mochi, siyo ngano, hasa kama kuna mgeni asiyekula gluteni. Zikitoka ziache dakika 10 kwenye bati, siyo mbili na siyo saa nzima, kisha pitisha kijiti cha plastiki pembeni uzigeuze. Sukari nyingi nayo inayeyuka inakuwa karameli chini, inashika, kwa hiyo ukizidisha sukari jua na bati litakudai.

Huna bati la donati? Tumia la kapkeki, viringisha foili ya kupikia ikae katikati ya kila tundu, paka mafuta na yenyewe. Au chukua chuma cha vitumbua, achana na habari ya shimo, pika vidonge vidogo kwa moto mdogo, funika, geuza. Siyo donati kwa sura ila watoto hawataandamana.

DALILI: Zinatoka mafuta, chini zimelowa

Umetumia tui la kwanza la nazi ya kukuna, zito kabisa, pamoja na siagi yote. Tui la kopo linakuwa na vitu vya kulizuia lisijitenge, tui letu la kukamua likipata moto mafuta yanaachana na maji. Changanya la kwanza na la pili nusu kwa nusu, au bakisha tui zito na upunguze siagi mpaka gramu 30. Siagi ikiwa ya moto sana ikakutana na mayai ya baridi nayo inagawanyika, unaona mafuta yanaelea juu ya rojo, koroga na maziwa ya uvuguvugu kidogo yatarudi. Mayai ya kienyeji ni madogo, weka matatu.

DALILI: Jana zilikuwa laini, leo zinakakamaa

Umeweka friji, sindio? Friji ndo adui. Wanga uliopikwa ukikaa kwenye baridi ya nyuzi 4 hivi unajipanga upya na kukaza haraka kuliko hata ukiuacha mezani, ndo kiporo cha wali kinavyokuwa asubuhi. Siku ya kuoka ziache nje kwenye chombo kilichofunikwa, zitakaa vizuri mpaka jioni, na kwa joto la Dar mwezi wa 12 usizidishe siku moja maana kuna tui na mayai mle. Unataka kuziandaa mapema kabla ya wageni? Friza. Zipoe kabisa, zifunge moja moja bila aisingi (ile sukari ya unga iliyolainishwa ya kupaka juu), gandisha. Siku ukizihitaji maikrowevu sekunde 20 hadi 30 kwa moja, au oveni nyuzi 150 zikiwa zimefunikwa foili kama dakika 10, zinarudi laini. Zilizokakamaa friji nazo hazijafa, sekunde 10 hadi 15 za maikrowevu zinatosha, lakini uzile haraka, zikipoa zinakaza tena mbaya zaidi.

DALILI: Rangi ya sikukuu imegeuka

Nyekundu imekuwa ya kahawia, kijani imekuwa ya majani makavu, na hii ya choya sasa, mtu amechemsha choya nzuri nyekundu akamimina kwenye rojo, ikatoka donati ya kijivu. Choya inakuwa nyekundu kwenye uchachu, ikikutana na beking pauda na mayai inakimbilia zambarau na bluu. Biti nayo haipendi moto wa muda mrefu, inafifia. Dawa ni moja: rangi peleka kwenye aisingi, rojo liache na rangi yake. Chemsha choya kavu na maji kidogo sana mpaka yawe mazito, chuja, poza, anza na kijiko kikubwa kimoja kwa gramu 120 za sukari ya unga, ongeza kwa matone. Inatoka pinki kali yenye uchachu mzuri unaokata utamu, na kwa maoni yangu inashinda rangi za chupa kwa mbali. Kijani tumia macha, unga wa chai ya kijani, kama unayo, ila ichekeche kwanza, na usiianike juani, inapauka.

Aisingi inatiririka yote inaisha kwenye sahani? Donati ilikuwa na moto, au maji yamezidi. Ipoe mpaka ukiishika nyuma ya mkono husikii joto. Ukinyunyiza sukari ya unga kavu badala ya aisingi utaona baada ya saa moja imepotea, donati hizi zina unyevu mwingi zinainywa, kwa hiyo nyunyiza wageni wakiwa wameshakaa. Wajapani wenyewe mochi wanaipakaza kinako, unga wa soya iliyokaangwa, na hiyo inastahimili kidogo. Karanga za kukaanga zilizosagwa na sukari zinafanya kazi hiyohiyo na zinapatikana popote.

ZA KUKAANGA: vidonge vinaachana, au vinalipuka

Kuachana ni kitu kidogo. Vidonge vimekauka juu kabla hujavipanga, lowesha vidole kwa maji, vigusane kweli, panga kila pete kwenye kikaratasi chake cha kuokea ushushe na karatasi yake kwenye mafuta, itajitoa yenyewe utaiopoa kwa koleo.

Kulipuka siyo kitu kidogo. Ganda la mochi likikaza nje huku ndani maji yanageuka mvuke, mvuke hauna pa kutokea, kidonge kinapasuka na mafuta yanaruka mpaka usoni. Sababu kubwa ni mafuta kuwa ya moto mno, vidonge vikubwa, hewa iliyofungiwa ndani wakati wa kuviringisha, na donge la unga wa kunata mtupu. Changanya na ngano, nyumbani kwao Japani wengi wanatumia shiratamako na unga wa pankeki uliochanganywa tayari, wanakandia tofu laini, ile ya soya, badala ya maji. Vidonge viwe vya gramu 10 hadi 12, mafuta nyuzi 160 hadi 170, moto wa kati usipandishe. Bila themomita dondosha kipande cha donge, kizame kidogo afu kielee juu taratibu na viputo vidogo, kikiruka juu hapohapo yamezidi. Mfuniko au wavu wa kuzuia mafuta uwe karibu, na watoto watoke jikoni, hata kama ndo walioomba donati. Na hizi uzile siku hiyohiyo, hazina kesho.

Nimalizie na watoto hapohapo. Mochi inavutika na kushika kooni, Japani kila mwaka mpya zimamoto wa Tokyo wanatoa onyo kwa wazee na watoto kwa sababu watu wanakabwa kweli. Donati ya oveni ni laini zaidi ya mochi ya kutwanga lakini mnato ni uleule, kwa hiyo ya mtoto mdogo na ya bibi ikateni vipande vidogo, wale wamekaa na chai au maji yawe karibu.